UZI: Leta ushindi wako mdogo wa leo (sharti: usizidi Sh 20,000)

Kitasa_Kibovu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Leo asubuhi nimefungua geti langu kwa mkono mmoja.

Naomba mnielewe hapo. Miezi minane geti hili nalifungua kwa mikono miwili, goti moja na dua. Ufunguo unaingia, unagoma katikati, unautikisa, unautoa, unaupuliza, unaurudisha. Mvua ikinyesha majirani wananiona nimesimama nje ya nyumba yangu mwenyewe kama mwizi anayejifunza kazi. Fundi wa kwanza alisema ninunue kitasa kipya. Wa pili alinitilia mafuta ya alizeti, kikalainika siku tatu, halafu kikashika vumbi kikawa kibaya kuliko mwanzo.

Jana mtoto wa jirani, yupo darasa la sita, kanikuta napigana nacho. Akatoa penseli kwenye mfuko wa sare, akasema, "Anko, sugua hii kwenye meno ya ufunguo." Nikasugua mpaka ufunguo ukawa mweusi, nikauingiza na kuutoa kama mara kumi. Leo, mkono mmoja. Mkono wa pili nilikuwa nimeshika mfuko wa maandazi na halikuanguka hata moja.

Nikaingia ndani natafuta wa kumwambia. Mke yupo kazini. Nikashika simu nimpigie kaka, nikasita. Nitamwambia nini? "Kaka, geti limefunguka"? Angeuliza nani amefariki. Ndivyo tulivyo. Simu ikilia saa tano usiku moyo unaruka kabla hujaona jina. Habari ya shida ina njia zake zote: ina kundi la WhatsApp, ina mweka hazina, ina daftari la michango. Lakini nani alishawahi kukupigia simu kukwambia kuku ametotoa?

Basi nafungua uzi. Sharti ni moja: furaha yako ukiipigia hesabu isizidi Sh 20,000. Kiwanja, gari, ajira, mtoto kuchaguliwa shule ya vipaji, hayo yana nyuzi zake. Karibuni.

mbwiga_wa_kata14

Nipo siti ya mbele na kahawa na kashata.

Yangu hii: konda wa Gongo la Mboto kanirudishia chenji, mia nne, bila kudaiwa. Nilikuwa nimeshaiandaa sauti ya kumdai. Ikabaki kooni, nikaitumia kumsalimia.

PapoKwaPapo

Penseli? Mkuu unatuchezea. Kitasa cha chuma ukipake penseli?

Kitasa_Kibovu

Nilisema hivyohivyo, nikaumbuka mbele ya mtoto. Ule weusi wa penseli ni grafiti, unga mkavu unaoteleza. Mafuta yananasa vumbi, huu haunasi. Kama una kufuli limegoma, jaribu kabla hujanibishia.

Dada_Kizuiani

Nakaa Mbagala Kizuiani. Wa huku mnajua adha ya asubuhi. Gari zikitoka Rangi Tatu zinafika kwetu watu wananing'inia, kwa hiyo ukitaka siti unapanda gari inayokwenda Rangi Tatu, unageuza nayo, nauli unalipa mara mbili. Mimi nageuza kila siku, nimeshaizoea kama mswaki.

Jumanne nimechelewa kuamka, nikajua leo ni kusimama hadi Kariakoo. Gari ikasimama, mlango ukaja mbele yangu, mbele yangu kabisa, sikusukumana na mtu. Akashuka mama mmoja mwenye ndoo. Siti yake ya dirishani, upande usiopigwa na jua. Nimelala mpaka mwisho wa safari, konda kaniamsha kwa kunigusa bega, "Dada, tumefika." Nilishuka nikiwa sina nilichomkosea mtu yeyote duniani.

mbwiga_wa_kata14

Upande usio na jua! Dada, hiyo inakaribia elfu ishirini, kuwa makini.

PembeNyeusi

Uzi mzuri, ila mimi nitakaa pembeni nisome. Bibi alitulea na neno moja: jambo jema lifunike. Kila nililolitangaza liliharibika. Nilimtangaza ng'ombe ana mimba, akaitoa wiki ileile. Nikamwambia mtu kuhusu safari, safari ikafa. Watu wana macho, wakuu. Mnacheka humu, lakini mtu akikaa kimya na jambo lake msimwone ana roho mbaya.

Kitasa_Kibovu

Sikubishii hata kidogo, na ndiyo maana nimeweka kiwango. Husuda ipo, lakini nayo ina kazi nyingi: ina nyumba za ghorofa za kutazama, ina harusi. Itapata wapi nafasi ya kuja kulitazama geti langu?

PembeNyeusi

Sawa. Nipo pembeni.

binti_chukwani

Hodi. Mie niko Unguja. Mkate wa kumimina umekubali.

Mara ya tano hii. Wa kwanza ulitoka tofali. Wa pili ukamwagikia jikoni. Wa tatu chini umeungua juu mbichi. Wa nne sitaki kuusema. Kumbe kosa langu nikitia kila kitu kwa pamoja, mchele, tui, hamira na sukari, tena tui lenyewe jingi. Mama mkwe akiniangalia siku zote hizo wala hasemi kitu, mpaka juzi akanambia, "Mwanangu, huo unaotaka kuumimina ni uji au ni maji?"

Basi safari hii mchele nimeuroweka usiku kucha. Nimeusaga na tui zito, kidogo kidogo, na iliki na hamira, nikauacha ukaumuka mpaka ukafura. Hapo ndipo nikatia sukari na ute wa yai. Nikamimina kwenye sufuria ilokwishashika moto na mafuta, moto mdogo. Ulipoanza kutoboka vishimo juu nikaufunika mfuniko wa makaa. Umetoka kama sega la nyuki.

Mama mkwe kala kipande, kanyamaza. Akachukua cha pili. Hicho cha pili ndicho nilichokuja kukisema hapa.

Dada_Kizuiani

Weka vipimo mdogo wangu, usitupige chenga.

binti_chukwani

Mchele vikombe viwili, tui zito kikombe na nusu, hamira kijiko kimoja cha chai, sukari nusu kikombe kama hupendi tamu sana. Lakini mie nimeshakwambia, mambo yote yako kwenye uzito wa uji. Ukiuona unateleza kama maziwa, umeshapotea.

Mjumbe_Mstaafu

Mimi ni uniti. Tulio kwenye kundi la matumizi madogo ya umeme tunajua: ukivuka uniti 75 kwa mwezi bei inaruka na kurudi chini ni kazi. Mwezi huu nimemaliza na 73. Pasi siku moja kwa wiki, taa ya uani imezimwa, na wajukuu wamefundishwa kwamba friji si televisheni, haifunguliwi kutazamwa. Nimeiandika 73 ukutani kwa chaki. Mke wangu ameifuta, anasema naaibisha nyumba.

Tajiri_Mtarajiwa

Wakuu nami nimefurahi, leo nimekamilisha malipo ya kiwanja Kibaha, mita 20 kwa 30, hati ipo njiani!!

mbwiga_wa_kata14

Mkuu toka.

Dada_Kizuiani

Hongera sana, Mungu akubariki, na utoke.

PembeNyeusi

Huyu ndiye niliyekuwa namsemea. Kiwanja, na ukubwa kautaja. Kabakiza kututajia mtaa.

Kitasa_Kibovu

Hongera mkuu, kutoka moyoni. Uzi wa viwanja upo jukwaa la ujenzi. Ukirudi na habari kwamba umepanda mche mmoja kwenye hicho kiwanja ukashika, tutakupokea kwa vigelegele.

Tajiri_Mtarajiwa

Hahaha. Basi nina nyingine. Wakati nasubiri karatasi pale ofisini nilikuta kalamu inaandika. Ile ya kamba.

mbwiga_wa_kata14

Umeingia. Kaa.

Suka_wa_Makumbusho

Fundi cherehani alisema Jumamosi. Nimekwenda Jumamosi. Nguo ipo tayari.

Dada_Kizuiani

Hii imevuka elfu ishirini. Hii imevuka na kiwanja cha Kibaha.

Mjumbe_Mstaafu

Atakuwa alikusudia Jumamosi ya wiki iliyopita.

Suka_wa_Makumbusho

Wallahi wazee. Na imenikaa. Nilikuwa nimeshavaa sura ya ugomvi, nimeingia mle ndani nimekunja mikono ya shati, kumbe mwenzangu ananyoosha suruali yangu kwa pasi. Nikaona aibu, nikamnunulia soda.

Mwl_Hesabu

Mimi ni mwalimu wa Hisabati, sekondari ya kata, mkoa sitautaja. Nina binti kidato cha tatu. Tangu aingie shuleni kwetu hajawahi kuvuka alama 20. Mnaojua Hisabati ya kidato cha nne inavyoangusha watu hamtashangaa, wa aina yake ni wengi, na wengi tunawaacha wakae nyuma wachore maua kwenye daftari. Nami nilikuwa nimeshamwacha, nisijifanye malaika.

Muhula huu akaanza kukaa mbele. Sikumwita mimi, alihama mwenyewe. Kisa nilikuja kukijua baadaye: kioo cha dirisha la nyuma kilivunjika na upepo ulikuwa unampiga. Kwa hiyo sifa zote ziende kwa upepo.

Mtihani amepata 31. Kwa wasiofahamu, F inaishia 29 na D inaanzia 30. Nilisahihisha ile karatasi mara tatu nikiogopa nimemhurumia. Sikumhurumia. Swali la takwimu amelimaliza lote, chati kaichora na rula, wastani kapata. Pembeni nikamwandikia kwa kalamu nyekundu: "Umevuka."

Mchana akaja ofisini na karatasi yake, amesimama mlangoni. "Mwalimu, nadhani umekosea kujumlisha." Nikamwambia ajumlishe mwenyewe. Akajumlisha mbele yangu, kwa vidole, midomo inatembea. Akafika 31. Akarudia kutoka chini kwenda juu. 31. Akasema "Haya," akatoka. Nimemsikia akikimbia mara tu alipokata kona.

Kitasa_Kibovu

Mwalimu, huyo aliyekagua hesabu kutoka chini kwenda juu hatabaki kwenye D.

Mwl_Hesabu

Ndicho ninachokiogopa kukisema kwa sauti.

PembeNyeusi

Usikiseme.

Mnyantuzu_mjini

Kitasa umenichoma na lile neno lako la kuku. Nimelisoma, nikapiga simu nyumbani Kahama saa ileile. Nikamuuliza mama, natania tu, "Vipi, kuku ametotoa?"

Kimya. Kisha, "Nani kakwambia?"

Wakuu, kuku wake ametotoa tangu Alhamisi. Siku ya 21 barabara, vifaranga 11 katika mayai 13. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Wewe ukipiga unauliza presha, unauliza dawa, unauliza kama hela imefika. Hujawahi kuniuliza kuku." Na ni kweli. Kila Jumapili napiga kama karani wa zahanati, namaliza orodha yangu, nakata.

Tumeongea dakika 26. Najua mmoja ana manyoya miguuni. Najua yai la 12 lilikuwa bovu na la 13 hajalitupa, "huenda". Najua kuna mwewe anakaa kwenye mwembe wa kwa Mzee wa kanisa, na kwamba mama amefunga mfuko mweusi wa plastiki kwenye mti umtishe, na mwewe ameuzoea sasa anautumia kukaa kivulini. Salio liliisha katikati ya hadithi ya mwewe. Nikaweka jingine nikapiga tena, akapokea na kuendelea bila hata kusema haloo.

Dada_Kizuiani

Nimelia kwenye daladala kwa ajili ya yai la 13. Watu wananitazama.

mbwiga_wa_kata14

Umepata siti lakini?

Dada_Kizuiani

Nimesimama. Nimelia nimesimama.

Mjukuu_wa_Uluguru

Naomba kuingia na bibi yangu. Ana miaka 78, yupo Morogoro, wiki iliyopita kapanda treni ya umeme kwa mara ya kwanza kuja Dar. Nauli 13,000, ipo ndani ya sharti.

Bibi alijiandaa kama anavyojiandaa kwa basi miaka yote: mayai sita ya kuchemsha, ndizi, chupa ya chai, kanga mbili za kujifunika na kitambaa cha kichefuchefu. Nimekwenda kumpokea stesheni nimejaa furaha, nikamkuta kanuna. "Nimefika Pugu sijamenya hata yai moja." Anaona amedhulumiwa safari. Anasema kila akitaka kufungua chakula wanatangaza kituo, na jirani yake wa siti alikuwa bado hajamaliza kumweleza kilichomsibu dada yake.

Tukayala mayai palepale nje ya stesheni, tumesimama, chumvi ipo kwenye karatasi kiganjani kwangu. Jua kali. Ndiyo ushindi wangu, hayo mayai.

Kipanga_Likoni

Hamjambo wenzetu. Mombasa hapa. Kwanza swali: hizo elfu ishirini ni za kwenu ama za kwetu? Maana elfu ishirini za huku ni mshahara wa mtu.

Kitasa_Kibovu

Za kwetu, mkuu. Ipige kama elfu moja ya Kenya.

Kipanga_Likoni

Haya, nimetoshea. Leo nimemaliza deni la mkopo wa simu. Tangu mwaka jana pesa ikiingia yakatwa kabla sijaiona. Mtu anitumia mia tano, naona ujumbe wa mia tano, kuangalia salio nakuta imeshamezwa. Ikafika nikawa nawaambia watu wanipe mkononi, kama mzee wa zamani.

Asubuhi rafiki kanitumia 300, ikakaa. Nikaiangalia. Nikatoka nje, nikarudi, bado ipo. Nikashuka kivukoni, nikanunua viazi karai vya 50 na ukwaju, nikala pole pole natazama feri ikienda na kurudi. Nikaangalia simu tena. 250.

PapoKwaPapo

Haya maisha. Mtu anafurahia sufuri.

Kipanga_Likoni

Sufuri ukiiendea kutoka chini ni mlima, ndugu yangu.

msomaji_tu

Mimi si mwandishi humu, huwa nasoma.

Mke wangu alifariki Februari. Tangu hapo kila nikipika ugali unabaki. Nilizoea unga wa watu wawili, mkono wenyewe unachota. Unaobaki nilikuwa nawapa kuku wa jirani kupitia uzio, na jirani ameona na hajasema kitu.

Jana nimepika, nimekula, nikatazama sahani, na sufuria nikaitazama. Haukubaki.

Sijui kama hili ni la furaha. Nimeliweka hapa kwa sababu sikujua pengine pa kuliweka.

Kitasa_Kibovu

Pole sana, mkuu. Limefika mahali pake.

mbwiga_wa_kata14

Pole kaka. Na hongera. Sijui kama yanasemwa kwa pamoja, nayasema hivyohivyo.

Mjumbe_Mstaafu

Mwanangu, mimi nilimzika wa kwanza mwaka 1998. Kwangu ilikuwa chai. Mwaka mzima nilikuwa namimina vikombe viwili. Usiuharakishe mkono.

binti_chukwani

Pole kaka yangu. Mboga ilikuwa nini?

msomaji_tu

Dagaa.

binti_chukwani

Wa wapi?

msomaji_tu

Wa Kigoma. Nimewakaanga na nyanya na pilipili moja nzima bila kuipasua. Alivyokuwa anafanya yeye.

Dada_Kizuiani

Basi hata mimi usingenibakizia.

msomaji_tu

Ahsanteni. Kuku wa jirani leo wamesimama kwenye uzio wananisubiri. Itabidi niwatafutie pumba.

PembeNyeusi

Nimerudi. Mtaa sitaji, jina sitaji.

Kuna mtoto fulani wa darasa la pili, si lazima awe wangu. Kusoma kulikuwa kunamsumbua. Wenzake wote walishaunganisha silabi, yeye akawa anasoma kwa kukariri. Anatazama picha ya mbuzi anasema "mbuzi", ukiifunika picha anakutazama wewe usoni kuona kama utamsaidia. Mwalimu alishaita wazazi. Wazazi hao, simfahamu hata mmoja, walikuwa wameanza kulaumiana usiku kwa sauti ya chini.

Jumamosi nguo zimeanikwa. Mtoto kakaa chini ya kamba anachezea mchanga, mara kanyamaza, kichwa juu. Kanga ya mama yake imetandazwa mbele yake, maandishi yamemwelekea. Akaanza. "Ja-po. Japo. Si-pa-ti. Sipati." Mimi nilikuwa nanawa, nikaacha maji yanamwagika. "Ta-ma-a. Tamaa. Si-ka-ti." Akarudia lote kwa pamoja, tena kwa sauti ya kulalamika, kama vile kanga ndiyo iliyomkera: "Japo sipati tamaa sikati." Hakukuwa na picha yoyote pale. Maua tu.

Kisha akaniuliza, "Baba, tamaa sikati ndiyo nini?"

Haya, hapo mmeshajua ni wangu. Basi.

Mwl_Hesabu

Baba, nunua kanga nyingine. Badilisha maandishi kila wiki. Ni vitabu vya bei rahisi kuliko vyote na mama naye atafurahi.

PembeNyeusi

Mama ameshalisikia hilo wazo. Mwalimu umeniponza.

Tajiri_Mtarajiwa

Kanga doti moja inavuka elfu ishirini siku hizi?

Dada_Kizuiani

Inategemea unanunulia wapi, na inategemea ni mke wa nani anayechagua.

UaJike

Dodoma hapa. Nilipanda mipapai mitatu. Miwili ikatoa vile vishada virefu vinavyoning'inia, nikajua nimepanda madume. Wa tatu ulikuwa kimya muda mrefu nikauona mkaidi tu. Juzi namwagilia, nikaona ua moja nene limekaa karibu kabisa na shina, kwapani mwa jani, limeshika kwa kikonyo kifupi. Jike! Nimeita familia nzima. Mtoto wa kiume kauliza, "Baba, ndiyo hiki tu?"

Mjumbe_Mstaafu

Usije ukayafyeka madume yote mawili kwa hasira. Acha moja. Jike peke yake litapukutisha maua.

UaJike

Panga lilikuwa mkononi, mzee. Ahsante. Hiyo nayo naihesabu.

yuko_mbali

Nawasoma kutoka Muscat, nafanya kazi za nyumbani. Ijumaa mchana ndiyo saa zangu.

Mwanangu ana miaka minne, yupo Tanga kwa mama. Kila nikipiga simu ya video, ikifika kukata analia, nami nalia, mama anachukua simu anasema "haya tutaongea," basi wiki nzima nabaki na kile kilio. Leo tumeongea vizuri, kanionyesha kidonda cha goti, kanionyesha paka. Halafu kasema, "Mama, nakwenda kucheza." Kaiweka simu chini, kaondoka. Nimebaki natazama dari ya nyumba yetu. Nikasikia sauti yake nje anagombana na mtu kuhusu mpira.

Nilicheka. Halafu nikakaa kidogo kitandani. Dari inahitaji rangi.

binti_chukwani

Dada, hicho kilio alikuwa anakulilia. Huo mpira anachezea hapo kwa sababu yako pia.

Mnyantuzu_mjini

Siku nyingine usikate haraka. Kaa na hiyo dari usikilize.

yuko_mbali

Sikukata. Nilikaa nayo mpaka mama alipokuja kuiokota.

PapoKwaPapo

Kitasa, nimerudi kwa heshima zote. Penseli gani? Nina kufuli la stoo, mwaka wa tatu halijafunguka. Nimeshanunua msumeno wa chuma ila sijapata moyo wa kulikata, lilikuwa la marehemu mzee.

Kitasa_Kibovu

Yoyote itafanya kazi. Ukipata 2B ni laini kuliko HB, inaacha weusi mwingi zaidi. Chonga kidogo, ule unga utie kwenye tundu, ufunguo nao uusugue pande zote mbili. Usilazimishe. Ingiza, toa, ingiza, toa. Halafu geuza kwa vidole viwili tu, usigeuze kwa hasira.

PapoKwaPapo

Nipo hapa mlangoni na penseli ya binti yangu. Anataka kujua nitairudisha lini.

mbwiga_wa_kata14

Wakuu tulieni, mtu yupo kazini.

Mjumbe_Mstaafu

Tumetulia.

Dada_Kizuiani

Vipi huko?

PapoKwaPapo

Limefunguka.

Sijui niseme nini. Limelia "tak", kama siku zote lilikuwa linasubiri niache kuligombeza. Ndani kuna popo mmoja, magunia, na baiskeli ndogo ya kijana wangu wa kwanza, ambaye sasa ana ndevu. Binti ameshaipanda imesimama, hataki kushuka.

Kitasa_Kibovu

Matairi?

PapoKwaPapo

Yameisha upepo, la nyuma limetoboka. Mnyororo una kutu.

Suka_wa_Makumbusho

Kiraka, gundi, na umwombe mtu pampu. Hata elfu tano haifiki. Mnyororo usitie mafuta ya alizeti.